Managu ya Shosho

Nilipokuwa mtoto Kimumu, hakuna aliyepanda managu, mboga yetu ya kienyeji. Mvua ya mwisho wa Machi ikinyesha siku tatu mfululizo, yalijiotea: kando ya zizi, katikati ya mahindi, juu ya lundo la samadi. Wakati wa palizi kazi yetu watoto ilikuwa kuyatambua yakiwa na majani mawili tu na kuyaepusha na jembe. Aliyeyang'oa pamoja na magugu alikuwa na kesi ya kujibu jioni kwa bibi yangu, Kogo.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kimumu haikuwa bado mtaa wa Eldoret. Ilikuwa mashamba kando ya barabara ya kwenda Iten. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mjini, na nusu ekari yetu aliilipia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Hapa tuko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Maembe tuliletewa kutoka Bonde la Kerio, lakini plamu, matunda damu na lukwati tulichuma wenyewe, na mara nyingi tuliyala mabichi kabla Mama hajayaona.

Ng'ambo ya ua wa michongoma aliishi bibi mmoja Mkikuyu ambaye mtaa mzima ulimwita Shosho. Yeye na Kogo hawakuwa na lugha moja. Kogo alijua Kinandi na Kiswahili cha sokoni. Shosho alijua Kikikuyu na Kiswahili kama hicho hicho. Kila asubuhi walikutana penye pengo la ua, na mazungumzo yao yalikuwa ya mboga. Managu Kogo aliyaita isoik, Shosho managu, mama Mluhya wa ploti ya chini aliyaita lisutsa, na mpangaji wake Mjaluo osuga. Sokoni jina la Shosho ndilo lililoshinda. Saga nayo, mboga nyingine ya kienyeji ambayo kwetu ni isagek, ilibaki na jina la Waluhya na Wakisii. Nikisikia mtu akibishana mboga gani ni ya kabila gani, huwa nakumbuka lile pengo la ua.

Managu yetu yalikuwa na majani madogo, matunda ya rangi ya machungwa, na uchungu mkali. Kogo aliyachemsha, akayatia maziwa na kuyalaza kwenye chungu hadi kesho yake ndipo yakaliwa. Ya Shosho yalikuwa na majani mapana kama kiganja cha mtu mzima na matunda meusi, na hayakuhitaji maziwa. Mwaka mmoja Kogo aliomba mbegu zake. Nilikuwepo siku hiyo, nikaona zinavyotengenezwa: matunda yaliyoiva yanapondwa ndani ya bakuli la maji, mbegu zinazama, maganda yanaelea na kumwagwa. Unarudia mara tatu au nne hadi maji yawe meupe. Kisha mbegu zinachanganywa na jivu, zinatandazwa kivulini, na zikikauka zinafungwa kwenye kitambaa. Jivu hunyonya unyevu na kufukuza wadudu. Siku ya kupanda unamwaga vyote pamoja, mbegu na jivu, maana mbegu peke yake ni ndogo mno, zitarundikana mahali pamoja.

Kogo naye alimpa Shosho mbegu za saga, zikiwa bado kwenye maganda yake membamba, meusi kwa moshi wa jikoni. Hakuna shilingi iliyotoka.

Kiwanda cha nguo kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, bustani ndiyo iliyotulisha. Mama alianza kufunga managu mafungu na kuyauza kando ya barabara. Aliona haya mwanzoni, kwa sababu wakati huo mboga ya heshima ilikuwa kabichi, au sukuma wiki kwa wengi wetu. Ya kienyeji ilikuwa ya maskini na wazee. Waliobadilisha mambo ni pamoja na Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyetumia miaka mingi Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta akionyesha kwamba mboga tulizozidharau zina madini na vitamini nyingi kuliko zile tulizozitukuza. Nilipoona managu yamepangwa kwenye rafu za supamaketi, nilimpigia Mama simu kumweleza. Alitaka kujua fungu ni bei gani.

Ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008 sitazieleza zote. Nyumba ya Shosho ilichomwa, naye akapelekwa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini, ambako maelfu ya watu walilala kwenye mahema. Bustani yake ya nyuma ilibaki imesimama, na ndani yake managu aliyoyaacha yaive kwa ajili ya mbegu. Kogo alikuwa amekwisha kufariki. Mama aliyachuma, akayaponda, akayasafisha kama tulivyofundishwa, na mbegu zilipokauka akaenda nazo kule uwanjani pamoja na chupa ya chai. Shosho alizigawa mara mbili, akachukua nusu. Aliondoka kwenda kwa ndugu zake upande wa Nyandarua na hakurudi tena Kimumu. Ploti iliuzwa. Sasa ina nyumba ya ghorofa nne.

Tangu hapo, nyumbani kwetu zile mbegu zinaitwa managu ya Shosho, na Mama hajakosa kuzipanda msimu hata mmoja.

Mengine yalipita haraka. Kulikuwa na miaka ya karakara, kila mtu akipanda, hadi virusi vikayafanya matunda kuwa magumu kama mbao na tukang'oa nguzo. Ikaja homa ya parachichi za Hass. Ploti yetu tuliigawa kati yetu ndugu wanne baada ya Baba kufariki. Kipande changu kina nyumba, tangi la maji, na magunia 11 yaliyojazwa udongo na samadi, yenye nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini. Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji, Agosti 15, 2024, nilikuwa nikimwagilia magunia hayo.

Managu hayajioti tena. Hayana pa kujiotea. Majirani zangu vijana hununua mbegu kwenye pakiti kutoka agroveti, na sina ubaya na pakiti. Mbegu zake huota vizuri. Kilichoniuma ni sheria. Marekebisho ya 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea yalifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa, lenye kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Niliisikia mara ya kwanza kwenye semina ya chama chetu cha akina mama. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama amekaa kibarazani, bakuli mapajani, akiponda matunda. Sikujua nianzie wapi kumwambia kwamba mbegu anazozitengeneza hatakiwi kumpa mtu. Sikumwambia.

Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022 kupinga vifungu hivyo. Novemba 27, 2025, Mahakama Kuu ikaamua kwamba vinakiuka Katiba. Habari hiyo niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea Mama kwa sauti. Aliuliza kama kweli kuna mtu alikuwa amekatazwa.

Wiki iliyofuata nilitafuta namba ya mjukuu wa Shosho, tuliyesoma naye darasa moja. Nilifunga mbegu na jivu lake kwenye bahasha, nikaituma kwa matatu. Alinijibu kwamba nusu waliyokwenda nayo ilipotea zamani, bibi alipougua.

Msimu huu nimeacha magunia mawili bila kuyachuma, yaive yote. Mbegu zitakuwa nyingi kuliko ninavyohitaji. Ukipita Kimumu kabla ya mvua ya Machi, uliza. Njoo na kitambaa chako.