Sakitu ya Mollo na Hesabu ya Mkulima

Mtu wa pwani afikapo Mollo, huko Sumbawanga, huuona uwanda wa Ufipa uliokaribia mita 1,800 juu ya bahari. Juni na Julai, usiku usio mawingu wala upepo, baridi huteremka mabondeni penye bustani, na umande huweza kuganda ukawa sakitu. Kabichi na vitunguu hustahimili; nyanya na maharage hufa, na jasho la miezi likapotea usiku mmoja. Hivyo vipandwe Agosti ikielekea kwisha, au mteremkoni.

Wala tusipande kwa miezi ya mwandamo, kwani kila mwaka hutangulia siku kama 11. Ndiyo maana wazee wa pwani walilima kwa miongo ya Nairuzi. Saumu kwa mwezi, jembe kwa jua. Zote ni hesabu za Mola mmoja.