Kiti cha Mbele na Kiti cha Nyuma

Hapa Nshamba tukitaja safari, wengi wetu huwaza gari la kwenda Muleba mjini au Bukoba, lile ambalo mtu hukaa na kuku wa jirani miguuni na ndoo ya senene mapajani. Ndiyo maana tuliporudi kutoka India na mama yetu, majirani walipokwisha kumpa pole walituuliza swali moja: je, ni kweli kuna ndege ambayo mtu hulala kitandani kama yuko nyumbani kwake? Ni kweli, tumeiona. Lakini katika safari ile tuliona na mengine, na hayo ndiyo tunayotaka kuwashirikisha, kwa kuwa yanahusu ndoa zetu, wazazi wetu na mabinti zetu.

UAMUZI WA FAMILIA

Mama, ambaye kwa mmoja wetu ni mzazi na kwa mwingine ni mama mkwe, alikuwa akisumbuliwa na nyonga kwa muda mrefu. Ilipoamuliwa apelekwe India kwa upasuaji, daktari alitoa sharti moja: asikae kitako muda mrefu, apate pa kujinyoosha. Tukauliza bei ya kiti cha daraja la biashara, yaani viti vya mbele vinavyokunjuka vikawa kitanda. Nyongeza ya kiti kimoja tu ilikaribia bei ya ng'ombe watatu wa maziwa.

Kikao cha ndugu kilikuwa kirefu. Walikuwapo waliosema mama amelala kwenye mkeka miaka mingi na hakufa. Walikuwapo waliosema mama aliyelea watoto saba kwa kahawa na ndizi anastahili kitanda hata angani. Mwishowe ndugu wa Dar es Salaam na Mwanza walichanga fedha za viti viwili vya mbele: cha mama, na cha mtu wa kumhudumia, kwa sababu mama hajui Kiingereza na hawezi kwenda msalani peke yake. Viza ya matibabu ya India huruhusu wasindikizaji wawili, kwa hiyo tulikwenda sote wawili, mume na mke. Mke akakaa mbele na mama. Mume akakaa nyuma, daraja la kawaida.

Mama alikuwa na hofu ya ndege. Ajali ya tarehe 6 Novemba 2022 hapa Bukoba, ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja na watu 19 wakafariki, bado imo mioyoni mwetu watu wa Kagera. Tulisali kabla ya kupanda, kisha tukaruka kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko tukachukua ndege ya Doha, nchini Qatar, mwendo wa saa sita hivi.

UKUMBINI DOHA

Mwenye tiketi ya mbele hangoji ndege kwenye mabenchi. Huko Doha kuna ukumbi uitwao Al Mourjan, wenye mita za mraba 10,000, yaani mkubwa kuliko uwanja wa mpira wa miguu. Ndani yake mna bwawa la maji lililotulia, ngazi ya kuzunguka inayopanda kwenye mahali pa kulia, mabafu ya kuogea, vyumba vya kimya vya kupumzikia, na sehemu ya watoto kuchezea. Chakula hakilipiwi, kwa kuwa kimekwisha kulipiwa ndani ya tiketi. Hata pombe hutolewa bila bei, na hapo kila mtu na ajipime mwenyewe.

Wazo hili si geni. Ukumbi wa kwanza wa namna hii ulifunguliwa na shirika la American Airlines huko New York mwaka 1939, kwa wateja walioalikwa tu. Daraja la biashara lenyewe lilikuja miaka ya mwisho ya 1970, na vitanda vya kulala sawasawa katika daraja hilo vilianzishwa na British Airways mwaka 2000. Wanaouza huduma hii hawauzi chakula tu. Wanauza usingizi, utulivu na heshima.

Mama alipoletewa sahani hakuigusa. Aliuliza, "Mwanangu yuko wapi? Naye amekula?" Alipoelezwa kwamba kanuni hairuhusu mwenye tiketi ya nyuma kuingia, alisema yeye hajawahi kula huku mtoto wake amesimama mlangoni. Akataka atolewe nje. Mke alimsihi kwa upole: daktari ameagiza ujinyooshe, mama, na ndugu wamelipa kwa ajili ya mgongo wako na nyonga yako, si kwa ajili ya sahani. Wakakubaliana kwamba alale kwanza saa mbili, kisha ataketi na mwanawe.

Akiwa bado amejinyoosha, alipita binti mfanya usafi. Alisikia Kihaya, akasimama. Alikuwa Mganda wa upande wa Masaka, na lugha zetu ni ndugu. Binti yule aliweka chini kitambaa chake, akapiga magoti juu ya zulia lile la thamani, akamsalimu mama kama tunavyosalimu wazee huku kwetu. Mama akafungua mkoba, akatoa kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna, akampa mbegu chache. Kwa Wahaya na kwa Waganda, ndivyo mgeni anavyokaribishwa. Katika ukumbi ule wenye kila kitu, mama ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Walizungumza kwa dakika chache tu, kwa kuwa binti alikuwa kazini. Ana mtoto wa miaka mitatu aliyemwacha kwa bibi yake. Mshahara wake ndio unaowalisha.

NYUMA YA PAZIA

Mume naye alikuwa na yake ya kusimulia. Nyuma, miguu hubanana na sahani huja ndogo, lakini ndege ni ile ile, na mbele na nyuma hufika saa ile ile. Safu aliyokaa ilijaa mabinti wa Afrika Mashariki waliokuwa wakienda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Wengi ilikuwa mara yao ya kwanza kupanda ndege. Mmoja hakujua kufunga mkanda, mwingine alilia kimya kimya tangu Dar es Salaam. Mume aliwasaidia kujaza karatasi zao, na mmoja alimwomba amwandikie namba ya mama yake katika karatasi nyingine, akaificha ndani ya kiatu, akihofia kwamba simu yake ingeweza kuchukuliwa.

Saa mbili zilipokwisha, kijana wa viti vya magurudumu alimtoa mama nje. Tukaketi watatu kwenye viti vya kawaida, tukatafuna kahawa yetu, tukasimuliana. Ndipo tulipogundua kwamba upande huu na upande ule tulikuwa tumekutana na mabinti wale wale wa kwetu. Mbele wanafuta meza, na nyuma wanasafiri kwenda kufuta meza.

VELLORE

Kutoka Doha tulifika Chennai, kisha kwa gari hadi Vellore, kwenye hospitali ya Chuo cha Tiba cha Kikristo. Hospitali hiyo ilianzishwa na mwanamke, Ida Scudder, binti wa mmisionari Mmarekani. Akiwa msichana, usiku mmoja walikuja wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, kuomba msaada kwa wake zao waliokuwa wakijifungua kwa taabu. Mila haikuwaruhusu kumpokea daktari mwanamume, na Ida hakuwa daktari. Wanawake wote watatu walifariki. Alikwenda Marekani kusomea udaktari, akarudi, na mwaka 1900 akaanza kazi Vellore kwa kitanda kimoja. Mwaka 1918 alianzisha shule ya udaktari kwa wanawake.

Tulimweleza mama habari hiyo wodini. Alisema kitanda kile kimoja kimelaza watu wengi kuliko vitanda vyote vya ndege. Upasuaji ulikwenda salama. Leo anatembea kwa fimbo hadi kanisani.

Wakati wa kurudi tulibadilishana: mume akakaa mbele na mama yake, mke akakaa nyuma. Hakuna aliyetuagiza. Tuliona ni haki mtoto amhudumie mzazi wake, na tuliona ni vema kila mmoja wetu aujue upande wa mwenzake. Jambo hili limesaidia ndoa yetu kuliko tulivyotazamia.

TUNAYOWASHAURI

Ukimpeleka mgonjwa nje, zingatia haya. Kiti cha magurudumu uwanjani hutolewa bila malipo hata kwa abiria wa nyuma, ila kiombwe mapema wakati wa kukata tiketi. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Anayeweza kusimama asimame mara kwa mara na kunyoosha miguu, maana kukaa muda mrefu huweza kugandisha damu miguuni. Kiti cha mbele kinunuliwe pale ugonjwa unapokidai na ndugu wanapokuwa nazo, si kwa mkopo wa kuonekana.

Na wewe mama mwenye binti anayetaka kwenda Ghuba, usimwachie wakala peke yake. Soma mkataba pamoja naye, uwe na nakala yake na ya pasipoti, na umfundishe kukariri namba ya simu ya nyumbani na ya ubalozi wetu.

Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alifundisha habari za viti vya mbele karamuni, na mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, aliwakemea waliompa tajiri kiti kizuri na maskini wakamwambia asimame. Hatudhani walikuwa wakimkataza mzee mgonjwa kulala. Tunadhani walitaka aliyeketi mbele aulize, kama mama alivyouliza, aliyebaki nyuma yuko wapi na kama amekula. Swali hilo halihitaji ndege. Liulizeni mezani kwenu leo jioni, kwa ajili ya mume, mkwe, na hata yule binti anayewasaidia kazi jikoni.