Goti la Bobby Orr

Mpira wa magongo wa barafuni sikuujua nilipokuwa Tanga. Niliufahamu Edmonton, ambako baridi ni ndefu na jioni hazina pa kwenda. Ndipo sisi Waswahili wanne tukaanza mchezo wetu: kila mtu achague kwa zamu timu yake kutoka wachezaji wa enzi zote, kisha tuzipime.

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Nilimwacha Gretzky na pointi zake 2,857, nikamchukua Bobby Orr. Golini nilimweka Glenn Hall, aliyecheza mechi 502 mfululizo bila kinga usoni. Winga ya kulia Gordie Howe, aliyestaafu mwaka 1980 akiwa na miaka 52. Hao hawakuleta ubishi. Ubishi ulikuwa wa Orr. Ni beki pekee aliyeongoza ligi kwa pointi, mwaka 1970 na 1975, lakini goti la kushoto lilimtoa uwanjani mwaka 1978, ana miaka 30 tu. Mechi 657, basi.

“Ndugu yangu, umesajili mgonjwa,” mmoja akasema.

Sikumjibu upesi. Mimi nami niliangukia goti ghalani, na tangu hapo nakaa mezani nikihesabu mizigo wanayobeba wengine. Mgeni akija, hutambulishwa kwangu kwa ile ajali. Hakuna amwambiaye kwamba nilikuwa nikijaza lori zima kabla ya chai ya saa nne.

Nakiri, winga yangu ya kushoto ni dhaifu, Ovechkin niliwahiwa. Hapo nitabadilisha. Orr simtoi.