Pango la Nadhiri katika Kisiwa cha Ithaca

Safari ya kwenda ghuba ya Polis huanzia Vathy, mji mkuu wa kisiwa cha Ithaca, magharibi ya Ugiriki. Barabara hupanda ikijipinda, hupita kwenye shingo nyembamba ya nchi ambapo msafiri huiona bahari kuume na kushoto, kisha huambaa ubavuni mwa mlima hadi kijiji cha Stavros. Dereva wa teksi, mtu wa makamo, hakunyamaza njia nzima. "Huko chini," aliniambia akinyosha kidole, "ndiko mfalme wetu alikoficha mali yake." Alisema hivyo kama mtu anayemtaja jirani aliyehama juzi.

Mfalme huyo ni Odysseus. Katika utenzi uitwao Odyssey, ambao Wagiriki wa kale waliuhesabu kuwa ni kazi ya Homer, alikwenda kupigana Troy miaka kumi, akatangatanga baharini miaka kumi mingine, huku mkewe Penelope akimngoja. Utunzi wake huwekwa katika karne ya 8 au ya 7 kabla ya Kristo. Malenga hakumfanya shujaa wa misuli. Alimfanya mtu wa maneno, mwenye hila, mwongo hata mbele ya Athena, mungu wa kike aliyempenda. Na mtu aliyeketi ufukweni akilia kwa kutamani kwao.

Mwishowe Wafeaki, mabaharia hodari, walimrudisha akiwa usingizini na zawadi tele. Mfalme wao alikuwa na wakuu kumi na wawili, yeye akiwa wa kumi na tatu, na kila mmoja alitoa sufuria kubwa la miguu mitatu. Odysseus aliificha mali hiyo katika pango la mizimu ya kike ya maji.

Niliteremka hadi ghubani kwa miguu. Msomaji asitarajie jengo la fahari. Pango la Polis liliporomoka paa zamani sana, na maji ya bahari yakaingia ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Mwingereza Sylvia Benton alilichimba kwa taabu, akipambana na maji hayo. Katika tope alipata vipande vya masufuria ya shaba nyeusi yenye miguu mitatu, ya karne ya 9 na ya 8 kabla ya Kristo. Alihesabu kumi na mawili. Moja lilikuwa limekwisha kupatikana hapo katika karne ya 19. Jumla kumi na matatu!

Nakiri kwamba mwili ulinisisimka. Lakini masufuria hayo hayakushuka kutoka jahazi moja; yalitolewa sadaka kizazi baada ya kizazi, na mengine yana umri mkubwa kuliko utenzi wenyewe. Tena maandishi ya zamani zaidi ya pangoni hayamtaji Odysseus. Yanamtaja Athena na Hera. Jina lake hutokea kwenye kipande cha kinyago cha udongo cha karne ya 2 au ya 1 kabla ya Kristo, maneno mawili tu: nadhiri kwa Odysseus. Baina ya masufuria na kinyago hicho ni miaka mia sita na zaidi. Je, watu walimwabudu hapa kwanza, malenga akasikia? Au malenga aliimba, watu wakaja na nadhiri zao? Wataalamu wamevutana. Mimi naelekea kuamini kwamba malenga alisikia habari za pango lenye shaba, akampa Odysseus shaba hiyo, na waumini wakafuata nyuma ya wimbo.

Wachoraji nao hawakukawia. Siku chache kabla ya kuvuka kuja Ithaca nilikuwa Eleusis, karibu na Athens, kuangalia mtungi wa udongo wa yapata mwaka 660 kabla ya Kristo, wenye kimo cha mita 1.42. Ulitumika kuzikia mtoto wa miaka kama kumi. Shingoni mwake Odysseus na wenzake wanamtoboa jicho Polyphemus, zimwi lenye jicho moja. Katika utenzi, ushindi huo ni wa ulimi: Odysseus amejiita "Hakuna Mtu", hata zimwi lilipolia kwamba Hakuna Mtu analiua, majirani walirudi kulala. Mchoraji hawezi kuchora jina. Basi alimpaka Odysseus rangi nyeupe mbele ya wenzake weusi, akalichora zimwi likiwa limeketi, kikombe cha mvinyo bado mkononi, kigingi kinaingia jichoni. Ulevi na upofu kwa pumzi moja. Nani aliyechagua mtungi ule kwa mtoto yule?

Kwamba Odysseus alipata ibada kamili kisiwani si shaka tena. Barua ya watu wa Ithaca ya mwisho wa karne ya 3 kabla ya Kristo, iliyochongwa kwenye jiwe mjini Magnesia, Uturuki ya leo, inataja hekalu lake na michezo ya kumtukuza. Mwaka 2025 wizara ya utamaduni ya Ugiriki ilitangaza kwamba vigae vyenye jina lake vimepatikana si mbali na Stavros, mahali ambapo wenyeji hupaita Shule ya Homer.

Nilipopanda tena kijijini, dereva alikuwa akiningoja karibu na sanamu ya Odysseus. Njiani nilimweleza kuhusu umri wa masufuria. Alifikiri kitambo. Baba yake mdogo, alisema, alikwenda Melbourne baada ya tetemeko la mwaka 1953 lililobomoa nyumba za kisiwa, na huko ndiko alikozikwa.

"Kwa hiyo Odysseus alirudi mikono mitupu," alisema.

"Huenda."

"Lakini alirudi," akajibu, akapunguza mwendo kuwapisha mbuzi.