Mshale Uliotulia



Kwa kuwa napenda magari ya zamani, wengi wenu huniuliza juu ya BMW E39, zile za kifahari zilizotengenezwa kati ya 1995 na 2004. Leo bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ile ya mwanzo, na nyingi zina injini ya silinda 6 inayonguruma kwa upole. Lakini ukiwasikiliza wenye nazo, lalamiko linalorudi ni hili: injini kupata joto kupita kiasi.

Chanzo chake ni kitu kidogo. Tangi la maji ya kupoza injini ni la plastiki, na shingo ya rejeta vivyo hivyo. Joto la miaka mingi huikausha plastiki hiyo hata ikapasuka na maji yakavuja. Kichwa cha injini ni cha alumini. Maji yakipungua hupinda, gasketi huungua, na gharama ya matengenezo huweza kupita thamani ya gari lenyewe.

Linalonitafakarisha zaidi ni mshale wa joto. Umeundwa ubaki katikati hata joto likipanda na kushuka kwa kiasi, ili dereva asihangaike bure. Unaposogea kuelekea alama nyekundu, mara nyingi madhara yamekwisha kuanza.

Basi, msiulize bei ya kununua tu. Ulizeni pia bei ya kutunza. Plastiki iliyozeeka ibadilishwe kabla haijapasuka. Mshale uliotulia si ushahidi kwamba injini ni nzima.