Ulimi wa Mwonjaji

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii nimeichambua mara nyingi darasani, lakini sikuwahi kujiuliza: huyo amsifuye mgema husema nini hasa kuhusu tembo lake? Swali hilo lilinijia usiku mmoja hapa Kakamega, chumbani mwa rafiki yangu mtaani Lurambi.

Rafiki huyo alikuwa amerejea kutoka masomoni Uskoti, na mizigoni mwake mlikuwa na chupa ya wiski ya miaka 18. Alitueleza kuwa kinywaji hicho hutengenezwa kwa kimea cha shayiri pekee, katika kiwanda kimoja, na kwamba sheria hukitaka kikae ndani ya mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Alitumiminia kidogo, akatutaka tunuse, tuonje, kisha tutie matone ya maji na kuonja tena. Wenzangu wakataja, kwa Kiingereza, asali, moshi na matunda makavu. Ikafika zamu yangu.

"Haya, mtu wa Kiswahili, unaonja nini?"

"Ni kali," nikajibu. Wakaangua kicheko.

Aibu hiyo ilinifuata hadi kitandani. Maneno ya ulevi niliyajua: mtu hulewa chakari, hulewa chopi, hulewa tilalila. Ya kuonja yalikuwa wapi?

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Shinyalu kwa nyanya mzaa mama, ambaye kwa miaka mingi alipika busaa ya sherehe. Alinikumbusha hatua zake: unga wa mahindi huloweshwa na kuachwa uchache, hukaangwa juu ya moto hadi uwe wa rangi ya kahawia, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi. Kimea! Neno lile la Uskoti lilikuwa jikoni mwetu siku zote, na moshi wake pia. Tofauti mojawapo ilikuwa umri: wiski husubiri miaka, busaa husubiri siku chache.

Nilimwuliza alijuaje kuwa imeiva. Alinieleza kwa Kiisukha, nami nikatafuta visawe: utamu wa kimea hupungua, uchachu hupanda, na ukakasi, ule wa ndizi mbichi, hutoweka ulimini.

"Nyanya, mbona uliacha kupika?"

Alinyamaza kitambo. "Mjukuu wangu, tangu tumzike mjomba wako, chungu kile sijakigusa."

Mjomba aliuawa na chang'aa. Sheria ya mwaka 2010 ilikuwa imeihalalisha ile yenye leseni, lakini aliyokunywa yeye haikuwa nayo.

"Yeye hakuonja," nyanya akasema. "Alimeza tu."

Sidai kuwa msamiati ungemwokoa mjomba. Ila nimeamini kwamba mwenye la kusema kuhusu kilichomo kinywani mwake hakawii kugundua kibaya, wala hana haraka ya kumeza. Niliporudi Lurambi, rafiki yangu alinimiminia tena. Nikanusa, nikaonja, nikasema: "Utamu wa asali, moshi wa kuni, ugwadu kidogo, na ukakasi mwembamba mwishoni." Safari hii hakuna aliyecheka.

Wenzangu wa Kiswahili, wazee wetu wangali wanayajua maneno haya kwa lugha zao. Tuwaulize kabla vyungu havijavunjika.