Spika Zimechoka

Kwa miaka miwili baba alizilaumu spika. Alizilaumu kwa upole, kama mtu anavyomsema ng'ombe mzee aliyewahi kumpa maziwa mengi. "Mama, hizi spika zimechoka," alikuwa akiniambia kwenye simu. (Mama ni mimi. Nimerithi jina la mama yake, na hajawahi kuniita vinginevyo.) Ilianza na wanamuziki wa siku hizi, ambao kwa maelezo yake wanatafuna maneno kama karanga. Hapo sikuwa na ubishi. Halafu jioni moja akasema hata Mbaraka Mwinshehe siku hizi hatamki vizuri. Mbaraka alifariki Januari 1979. Kama kuna mtu ambaye matamshi yake hayawezi kubadilika tena, ni yeye.

Nikaomba likizo kazini, nikapanda basi kwenda Kabuku.

Wengi wanaijua Kabuku kwa dirisha la basi: ukitoka Chalinze kwenda Segera, ni pale mifuko ya machungwa inapoinuliwa hadi usawa wa uso wako. Wachache wanateremka. Wanaoteremka na kuingia ndani wanakuta mkonge, au ardhi iliyowahi kuwa ya mkonge. Babu aliletwa huku kutoka Kigoma akiwa manamba, baba akazaliwa kambini, na mwaka 1971, akiwa na miaka 18, akaingia kwenye korona. Msikimbie, korona hii ni mashine. Majani ya mkonge yanaingia upande mmoja, ngoma kubwa zenye visu butu zinayaponda huku maji yakiyaosha, na upande wa pili zinatoka singa, asilimia chache tu ya uzito wa jani. Yanayobaki ni maji, makapi na kelele. Baba alifanya kazi hiyo miaka 23. Ndani ya korona, anasema, hakuna aliyetumia mdomo: vidole viwili maana yake hivi, kofi begani maana yake vile. Nikiwa mdogo nilidhani ni mchezo wao.

Spika alizinunua mwaka 1988, enzi za ruksa, kwa meneja mmoja aliyekuwa anahama. Ni maboksi mawili ya mbao, marefu hadi kiunoni mwangu, moja na moja kwa kila pembe ya sebule. Vibati vya jina vilibanduka zamani, yamebaki matundu ya misumari. Nyuma ya sumaku pameandikwa ohm 8 na Japan, basi. Kwenye spika hizo tulisikiliza Radio Tanzania, tukasikiliza kanda za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, na Jumapili Mbaraka na Morogoro Jazz mpaka wali uive. Mashairi yote ya Mbaraka ninayoyajua niliyajua kabla sijajua kusoma.

Kwa hiyo nilikuwa na watuhumiwa wawili, spika na sikio, na niliona ni heshima kuanza na yule asiyeweza kukasirika.

Nilifungua boksi la kushoto kwanza. Ile pete ya sponji inayoshikilia karatasi ya spika ya besi kwenye fremu ilikuwa imegeuka unga mweusi wa kunata. Sponji ya aina hiyo haihitaji kupigwa sana muziki ili ife. Unyevu wa hewa peke yake unaivunjavunja, hata spika ikikaa kimya kabatini, na sisi huku hatuko mbali na bahari. Kuibadilisha ni kazi ya subira kuliko ufundi. Unakwangua gundi ya zamani kwa wembe bila kuchana karatasi, unatoa kifuniko cha katikati, unapenyeza vipande vyembamba vya karatasi ya daftari kuzunguka koili ili isiguse sumaku, kisha unabandika pete mpya na kuiacha hadi kesho yake. Ukichomoa vile vipande, unaisukuma spika taratibu kwa vidole vyote kumi. Ikikwaruza, rudi mwanzo. Ya kushoto haikukwaruza. Ya kulia ilinitesa siku mbili.

Pete nilizifuata Kariakoo. Siku hizi basi linakushusha kituo cha Magufuli, Mbezi, kwa hiyo safari ya kununua sponji ya gramu chache ilinila siku nzima. Muuzaji aliniuliza kwa nini nisinunue sabufa mpya yenye bluetooth na taa. Ni swali la haki. Sikuwa na jibu ambalo angelielewa akiwa na foleni nyuma yangu.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye krosova, neno kubwa kwa kitu ambacho ndani ya maboksi haya ni kapasita moja tu. Spika ya besi inapokea kila kitu. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, inapata kile ambacho kapasita imeruhusu kupita. Kapasita ya mikrofaradi 4.7 kwenye twita ya ohm 8 inaanza kufungua mlango karibu na hertz 4,200. Nilipoipima ya kushoto nilipata 2.1. Ilikuwa imekauka kwa uzee, na mlango ukawa umesogea juu, karibu na hertz 9,500. Kulia hali ilikuwa hiyo hiyo. Isitoshe, fundi fulani wa zamani alikuwa ameunganisha waya za boksi la kulia kinyume. Hilo nililijua kwa betri ya redio: ukigusisha chanya kwa chanya, karatasi ya spika inaruka mbele. Ya kushoto iliruka mbele, ya kulia ikarudi nyuma. Spika mbili zinazopishana hivyo zinafutana besi.

Lile la hertz lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Unapoimba, irabu ndizo zinazobeba uzito: a, o, u zinakaa chini, zina nguvu, zinavuka ukuta. Konsonanti kama s, f, sh na ch ni pumzi nyembamba, na nyingi zinakaa juu ya hertz 2,000, s ikifika 4,000 na kuendelea. Ukiziondoa bado utasikia mtu anaimba, utasikia hata kama anafurahi au analia. Ila hutajua anasema nini. Kwa hiyo niliposhika ile kapasita mfu nilifurahi kupita kiasi. Baba alikuwa na haki. Spika zilikuwa zimechoka kweli.

Jumamosi saa kumi nikaweka kanda. Niliketi sakafuni katikati ya maboksi, na sauti ikatoka kama mtu aliyevuliwa shuka usoni. Nilisikia kucha kwenye nyuzi za gitaa. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. "Haa," alisema, na hakurudi jikoni mpaka wimbo ukaisha.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeinama upande wa kulia. "Besi imerudi," alisema. "Hongera, Mama." Akanyamaza kidogo. "Ila maneno bado."

Mama aliniangalia. Baadaye, tukiosha vyombo, ndipo aliponisimulia habari ya baiskeli. Mwezi wa nne kijana mmoja alikuwa anateremka na magunia mawili ya machungwa nyuma, akapiga kengele, akapiga tena, na baba akaendelea kutembea katikati ya njia. Kijana akaamua kuanguka mtaroni. Yalitawanyika machungwa hadi barabarani. Baba alimtukana kwa kutopiga kengele. "Basi la Arusha likipiga honi analisikia," mama alisema. "Kengele ya baiskeli hapana. Na mimi akinielewa jikoni ni kwa sababu anajua nitakachosema."

Siku iliyofuata nilimwomba baba anisaidie kupima spika. Sikumdanganya: spika zilihitaji kupimwa, na mpimaji alihitajika. Niliunganisha simu kwenye amplifaya. Kuna programu za bure zinazotoa mlio mmoja mtupu kwa hertz unazotaka. Nilimwambia, ukisikia inua mkono, ukiacha kusikia shusha. Kwa hertz 250 aliinua mara moja. Kwa 500 aliinua. Kwa 1,000 aliinua huku akitabasamu, kama mwanafunzi anayeona mtihani ni mwepesi. Kwa 2,000 ilibidi niongeze sauti. Kwa 4,000 mkono ulibaki kwenye goti. Niliongeza. Niliongeza tena.

"Umezima?" akauliza.

Kutoka uani mama akapiga kelele: "Jamani, hiyo filimbi inanitoboa masikio!"

Baba aligeuka kuutazama mlango, kisha akazitazama spika, moja baada ya nyingine. Nilizima. Hakuna aliyesema kitu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ule mlio ulikuwa ukoje. Nimesomea umeme, kazi yangu ni kutunza minara ya simu, na nilishindwa kumweleza. Nikasema ni kama nyenje wa usiku, lakini mmoja tu, karibu na sikio. "Nyenje," alisema. "Kumbe bado wapo."

Kelele kubwa ikilipiga sikio miaka mingi, eneo la hertz 4,000 ndilo huanza kufa. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinalala kama majani yaliyokanyagwa, na kwa binadamu havioti tena. Kipimo kinachotajwa sana ni desibeli 85 kwa saa nane. Ukiongeza desibeli 3 tu, nishati inayoingia sikioni imekuwa maradufu. Mahali ambapo watu wanazungumza kwa vidole kwa miaka 23 sihitaji kifaa cha kupimia. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, na tulifundishwa shuleni kuzihesabu kama fahari. Sijawahi kuona mahali zilipohesabiwa konsonanti.

Sasa spika. Mpenzi wa spika za zamani angeniambia niziache zilivyo: zimerudi kwenye hali ya kiwandani, namba zimekaa sawa, ukizigusa unaziharibu. Naielewa hoja hiyo. Nikiwa kwangu, peke yangu, ningeifuata. Lakini kiwanda kilizitengeneza kwa ajili ya sikio zima, na mwenye nyumba hana sikio hilo. Shimo la 4,000 siwezi kulijaza. Ukilipigia kelele zaidi halisikii, halafu ghafla linaumia. Kinachowezekana ni kuinua ukingo wake, pale kwenye 2,000 na 3,000 ambapo bado kuna kitu kimebaki.

Niliongeza kapasita ya 2.2 ubavuni mwa ile ya 4.7. Zikikaa sambamba zinajumlishwa, na twita ikaanza kazi karibu na hertz 2,900 badala ya 4,200. Ukipiga muziki wa harusi utaiunguza. Kwa sauti ya sebuleni inavumilia. Kisha nikayatoa maboksi kwenye pembe. Pembe inaivimbisha besi, na besi iliyovimba inayafunika maneno. Nikayapandisha juu ya matofali hadi twita zikawa usawa wa sikio la baba aliyeketi, nikazigeuza zimtazame, kwa sababu sauti za juu husafiri kama mwanga wa tochi. Nyumba yetu ni saruji na bati, kila s inagonga ukuta na kurudi imechelewa, kwa hiyo mkeka mmoja ukapanda ukutani na mapazia mazito yakatoka sandukuni. Kwangu mimi sauti ikawa kali, ya kukera kidogo, kama mtu anayekuongelea karibu mno. Mama alihamisha kigoda chake hadi mlangoni.

Baba alisikiliza wimbo mmoja mara tatu. Mara ya tatu alirudia mstari mzima, nao ulikuwa sahihi. Mstari uliofuata alikosea. Nilihesabu, maana ndiyo kazi yangu: kwenye nyimbo sita alipata kama nusu zaidi ya mwanzo. Siyo yote.

Mwezi uliofuata tulikwenda naye hospitali, Tanga. Daktari alimweka kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji (nzima, nilikagua) na akachora mstari ulioteremka pale pale. Alituambia habari za kifaa cha kuvaa sikioni. Baba aliuliza bei, akasikia jibu bila kurudiwa, akacheka. Niliuliza kama kuna fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Yeye aliondoka kwenye korona mwaka 1994. Nimeanza kuweka akiba ya kifaa kimoja, cha sikio la kulia, kwa kuwa ndilo analoliinamisha.

Kitu ambacho sikukitarajia ni wazee. Baba aliwasimulia barazani habari ya nyenje asiyesikika, na alisimulia kwa majigambo, kama mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Jumapili walikuja wawili waliofanya naye kazi, wakapokezana kiti, simu yangu ikiwa kwenye amplifaya. Mmoja alifika 3,000. Mwingine aliinua mkono hata nilipokuwa nimezima, na baba, ambaye mwenyewe hakuwa anasikia kitu, alimgonga begani mara mbili. Yule mzee akaushusha mkono mara moja. Jioni walikuja wengine watatu, mmoja amebeba redio yake chini ya kwapa, na mama akaniambia nichemshe chai ya watu wanane.